Herr wa kanisani na Herr wa stesheni: kumbukumbu za ibada za utotoni katika lugha nisiyoijua

MLETA UZI:

Habari zenu wana jukwaa. Naomba kuleta jambo ambalo nimekaa nalo kwa muda mrefu, nikitumaini kwamba humu ndani wamo wengine waliolipitia: kwenda kanisani ukiwa mtoto, katika nchi ya watu, na kukaa saa nzima ukisikiliza lugha ambayo huijui hata neno la kuombea maji. Andiko ni refu, kwa hiyo asiye na nafasi sasa hivi alisome jioni.

Mwezi Oktoba 1995 baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi za misitu Morogoro, alipata nafasi ya kusoma Tharandt, mji mdogo uliojificha bondeni kilomita 15 hivi kutoka Dresden, mashariki mwa Ujerumani, ambako misitu imekuwa ikifundishwa tangu mwaka 1811. Tulimfuata wote: mama, dada yangu aliyekuwa na miaka 12, na mimi niliyekuwa na miaka 8. Jumapili ya kwanza tu, kabla hata hatujajua duka la mkate liko wapi, mama alitoa nguo za kanisani sandukuni. Sisi kwa asili ni Wamoravian wa Tukuyu, na kanisa la karibu lilikuwa la Kilutheri, lakini baba hakuwa mtu wa mijadala ya madhehebu. Alisema Jumapili haingoji mtu atafute kanisa la babu yake.

Kanisa lenyewe liko juu kilimani, kando ya magofu ya ngome ya zamani, na mtu hufika mlangoni akiwa anahema. Ndani tulikuta watu wasiozidi 30, wengi wao mabibi wenye nywele nyeupe, wamekaa mbalimbali kana kwamba kila mmoja alirithishwa benchi lake. Baba alitueleza baadaye kwamba sehemu ile ya Ujerumani ilikuwa imetoka miaka michache tu katika utawala wa kikomunisti, ambao chini yake kijana aliyeshikamana na kanisa aliweza kujikuta amefungiwa njia ya chuo kikuu, na kwamba familia nyingi zilikuwa zimeacha kanisa tangu enzi za babu zao. Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona ni ukimya. Kanisani kwetu Morogoro ibada ilikuwa na kwaya tatu au nne na matangazo ya nusu saa, na baada ya baraka watu walitoka nje kwenye mnada, ambako mkungu wa ndizi uliotolewa sadaka uliweza kununuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, mpaka ukazaa fedha ya mikungu mitano. Kule hata mtu akikohoa alikohoa kwa aibu. Kisha kulikuwa na baridi: chini ya mabenchi walikuwa wameweka hita, kwa hiyo mapaja yaliungua huku pua ikiganda, na mchungaji alipoomba tuliona sala zake zikimtoka mdomoni kama moshi.

Majuma mawili matatu ya mwanzo nilikaa tu nikingoja iishe. Baada ya hapo nilianza kupeleleza.

Kitu cha kwanza nilichokishika kilikuwa namba. Ukutani, upande wa mimbari, kulikuwa na ubao wenye namba za nyimbo za siku hiyo, namba kubwa ya wimbo na pembeni yake namba ndogo ndogo. Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba hizo ndogo ni za beti, maana kule si lazima kuimba wimbo wote. Huruka kutoka ubeti wa 3 hadi wa 7 na hakuna anayelalamika. Tangu siku hiyo tulikuwa na ramani. Ubao ukionyesha nyimbo tano, nasi tukishaimba wa tatu, basi mahubiri yako karibu, na mahubiri yakipita kilichobaki si kingi. Taabu ilikuja pale mchungaji alipotangaza wimbo kwa mdomo bila kuuweka ubaoni. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi, hivyo ishirini na tatu kwao ni tatu na ishirini, na mimi niliyekuwa na majuma machache tu ya kuhesabu kwa lugha hiyo nilikuwa nikifungua wimbo wa 32 wenzangu wote wakiwa wa 23. Nilisimama nikakodolea macho maneno ambayo hayakuafikiana na midomo ya watu, nikadhani kwamba kila mtu ana kitabu chake tofauti. Dada yangu anadai kwamba niliwahi kuimba wimbo wa mazishi, kwa sauti, katika Jumapili ya mavuno. Simwamini sana, lakini sina ushahidi wa kumpinga.

Sauti za nyimbo zilikuwa jambo jingine. Katika Jumapili ya tatu au ya nne kinanda kilianza kupiga sauti ambayo niliijua tangu nikiwa mgongoni mwa bibi, na wale wazee wakaingia nayo, polepole, wote kwa sauti moja, bila besi wala alto. Nilimgeukia mama nikamwambia kwamba hawa watu wameiba nyimbo zetu. Mama alijifunika mtandio usoni akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu akafanya jambo ambalo aliendelea kulifanya kwa miaka yote miwili: aliuimba wimbo ule kwa Kiswahili, kwa alto, kama alivyouimba kwenye kwaya ya akina mama. Maneno yalikaa barabara kwenye sauti, kwa sababu wamisionari waliotutafsiria walikuwa wameyapima kwa kipimo hicho hicho. Bibi mmoja wa benchi la mbele aligeuka, akatazama, akageukia mbele tena. Jumapili iliyofuata alihama benchi lake la siku zote akaja kukaa mbele yetu kabisa. Sikuelewa wakati ule kama alikuja kusikiliza au kutuchunga. Leo naamini alikuja kusikiliza, maana alibaki hapo hapo mpaka tunaondoka.

Baba naye alikuwa na mbinu yake. Msomaji alipopanda kusoma injili, kabla ya kusoma alitaja kitabu na sura, na majina hayo hayabadiliki sana: Lukas ni Luka, Johannes ni Yohana. Baba alikuwa na ile Biblia ya Kiswahili ya Union Version, akaifungua upesi, akaweka kidole kwenye mstari, akatusogezea. Kwa hiyo huku mbele mtu anasoma habari ya mwana mpotevu kwa lugha ya watu, huku nyuma sisi watatu tumeinamia Luka 15 tukiifuata kimya kimya, na baba akijaribu kukisia wamefika wapi. Alikuwa akikosea. Mara nyingi tulimaliza kabla yao, au wao walimaliza sisi tukiwa bado tuko na nguruwe na maganda. Hata hivyo nasema bila kutia chumvi kwamba sijapata kuisikiliza Biblia kwa makini kama nilivyoisikiliza miaka ile, nikivizia jina lolote nilijualo (Abraham, Petrus, Jerusalem) ili nijue tuko mstari gani.

Sasa nije kwenye neno lililonipa jina la uzi huu. Neno nililolisikia kuliko yote lilikuwa Herr. Lilikuwamo kwenye zaburi, kwenye sala na kwenye nyimbo, na mchungaji alipolitaja alipunguza sauti, nami nikahitimisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba hilo ndilo jina la Mungu kwa Kijerumani. Basi siku moja tukiwa stesheni kuu ya treni ya Dresden, baba alinishika mkono kunipeleka haja, nikainua macho nikaona juu ya mlango wa choo pameandikwa, kwa herufi kubwa, HERREN. Niligoma kuingia. Nilibana miguu nikalia, nikimwambia baba kwamba hatuwezi kwenda haja mahali pale, na baba, ambaye treni yake ilikuwa na dakika chache kuondoka, alidhani naogopa giza. Aliponielewa alikaa kwenye ngazi akacheka, kisha akaniuliza: «Mwanangu, kwani kwetu Bwana Shamba ni Mungu?» Nikasema hapana. «Na Bwana Afya?» Hapana. «Na bwana harusi?» Hapo nikaanza kuona anakoelekea: Herr ni Bwana, na Herren ni mabwana. Tunamwita Mungu kwa neno lile lile tunalomwitia mtu anayekuja kukagua vyoo, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeshtuka. Ilibidi nisimame mbele ya choo cha wanaume ughaibuni ndipo nilisikie neno Bwana kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimelitamka kila siku tangu nianze kusema.

Kuna kengele pia. Ilikuwapo desturi kanisani pale, na baadaye nimeikuta katika makanisa mengine mengi ya Ujerumani, kwamba watu wanapoanza Sala ya Bwana kengele ya mnarani hupigwa mpaka sala iishe, ili aliyebaki nyumbani, mgonjwa au mwenye kazi, ajue na ajiunge. Kwangu mimi kengele hiyo ndiyo iliyonitafsiria. Ilipolia nilijua: hii ni Baba Yetu. Nikawa naisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, nikijitahidi kumalizia pamoja nao, na Kiswahili chetu kwa kuwa kina maneno marefu kilikuwa kikichelewa daima. Wao wamefika Amina na mimi nipo kwenye ufalme na nguvu. Baada ya kama mwaka mmoja niligundua kwamba nimeacha kuchelewa. Sala yao ilikuwa imeniingia mdomoni bila mtu kunifundisha, na nilikuwa naisema yote, kwa lafudhi ya Kisaxony, ya jimbo lile la Dresden, kama dada anavyonitania, nikijua maana ya neno moja tu lililo wazi, yaani Brot, mkate, kwa sababu ndilo nililotumwa dukani kila asubuhi.

Lipo tukio moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi mpaka leo. Siku ya Pentekoste ya mwaka 1996 palikuwa na ubatizo wa mtoto mchanga. Mchungaji alipomwaga maji na kumwinua mtoto kidogo watu wamwone, mama yangu, bila kufikiri, kama ambavyo angefanya mwanamke yeyote aliyelelewa kwetu, alipiga vigelegele. Si kidogo, alipiga vile vya mtu aliyejaliwa pumzi. Jengo lile la mawe lilivichukua likavirudisha mara tatu. Kanisa zima liligeuka. Mtoto aliyekuwa kimya akaanza kulia, mchungaji akasimama na mkono hewani, na baba akatazama viatu vyake. Kisha ibada ikaendelea kama kawaida, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hatukujua tumehukumiwaje. Walipotoka nje bibi yake yule mtoto alimfuata mama, akamshika mikono yote miwili, akasema maneno mengi huku machozi yanamtoka, akaondoka. Baba wakati huo Kijerumani chake kilikuwa cha miti na udongo, akakiri kwamba hakuambulia kitu, na akakataa kukisia. Mama mwenyewe anakumbuka milio miwili tu, «bite» na «nohmal». Hakupiga tena vigelegele katika kanisa lile.

Nimalizie na Herrnhut, kwa kuwa kwa Mmoravian ndiko kwenyewe. Ni kijiji kidogo mashariki kabisa mwa Saxony, karibu na mipaka ya Poland na Cheki, ambako wakimbizi wa kidini walipewa ardhi mwaka 1722 na ambako walitoka wale wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Bibi yangu kule Tukuyu alilitaja jina hilo kama wengine wanavyotaja Yerusalemu. Mwaka 1997 Pasaka iliangukia tarehe 30 Machi, na baba akaona hatuwezi kurudi nyumbani bila kufika.

Tuliamshwa usiku wa manane na matarumbeta. Wapigaji hupita mitaani kabla ya alfajiri kuwaamsha watu, na mimi, nikiwa usingizini katika nyumba ya wenyeji waliotupokea, nilidhani niko kwa bibi, kwa maana kwetu pia Pasaka hutangazwa kwa matarumbeta kabla jua halijachomoza. Ukumbi wao wa ibada ni mweupe wote, kuta nyeupe, mabenchi meupe, hakuna picha wala mapambo. Ibada huanzia hapo na gizagiza, halafu watu wote hutembea kwa utaratibu, matarumbeta yakitangulia, kati ya safu za miti, hadi makaburini kwenye kilima. Makaburi yenyewe yalinishangaza kuliko chochote: mawe yamelazwa chini, yote yanafanana, ya wanaume upande mmoja na ya wanawake upande mwingine, tajiri na maskini hawatofautiki, isipokuwa yale machache ya familia ya mwenye ardhi yaliyoinuliwa katikati. Tukasimama hapo tukingoja jua. Aliyeongoza akasema sentensi fupi, na watu wakaijibu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza katika miezi 18 sikuhitaji namba, wala kidole cha baba, wala kengele. Nilijua kilichosemwa kwa sababu nilijua tulikosimama na saa yake. Alisema kwamba Bwana amefufuka. Nami nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, «Amefufuka kweli kweli!» na hakuna aliyegeuka.

Hapo Herrnhut ndiko pia hupigwa kura ya yale maneno ya Biblia ya kila siku ambayo Wamoravian duniani kote huyasoma. Desturi ilianza mwaka 1728, na kitabu kilichapwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731. Baba alikuwa akiyanakili kwenye barua za kwenda kwa bibi: «Leo neno letu ni hili.» Barua ilichukua majuma mawili au matatu. Bibi alikuwa akijibu kwamba neno hilo alishalisoma, siku hiyo hiyo, na kwamba baba asipoteze wino.

Nawakaribisha wenye yao.

MCHANGIAJI KUTOKA SONGEA:

Nimesoma kwa furaha, mwanangu, lakini nataka kukukumbusha kwamba sisi wengine hatukuhitaji kupanda ndege. Mwaka 1960 nikiwa na miaka 10 nilitumikia Misa katika parokia ya kijijini, upande wa Peramiho, ambako Wabenediktini walikuwapo tangu mwaka 1898, na Misa yote ilikuwa ya Kilatini. Padre alitupa mgongo, akiongea na Mungu kwa lugha ambayo si yake wala si yetu. Mahubiri na nyimbo kadhaa tulipewa kwa lugha tuliyoielewa, lakini yaliyokuwa ya altareni yalibaki ya altareni. Sisi watoto tulikaririshwa majibu kwa fimbo ya katekista, na mpaka leo ukiniamsha usiku nitakujibu bila kukosea herufi.

Padre alianza chini ya ngazi za altare, akasema atakwenda altareni kwa Mungu, na mimi nilipaswa kujibu: «Ad Deum qui laetificat juventutem meam.» Nilijibu hivyo kila asubuhi kwa miaka minne. Baadaye, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kiswahili kikaingia, Kilatini kikatoka, nami nikasahau. Nilikuja kuonyeshwa maana yake nikiwa na miaka 50: «Kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu.» Ujana wenyewe ulikuwa umeshakwisha! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini nakuuliza jambo moja. Siku Kiswahili kilipoingia, mama yangu mzazi alilalamika. Alisema kwamba sasa anasikia kila kitu na hapati nafasi ya kusali. Wewe uliporudi Morogoro ukaelewa kila neno, hukusikia kitu kama hicho?

MLETA UZI:

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikaa kooni tangu jana.

Nilisikia, ndiyo, ila sikujua niliite nini. Jumapili ya kwanza tuliporudi, mwishoni mwa mwaka 1997, mchungaji alihubiri kwa saa nzima, na mimi nilielewa yote, na kwa dakika 20 za mwanzo nilifurahi kama mtu aliyetolewa pamba masikioni. Baada ya hapo nikaanza kuchoka kwa namna ambayo Tharandt sikuichoka. Kule, mchungaji alipohubiri, nilikuwa huru: nilihesabu mabomba ya kinanda, nilimwangalia yule bibi wa benchi la mbele akisinzia na kuzinduka, nilizungumza na Mungu mambo yangu ya mtoto, kama vile kumwomba theluji isiishe kabla ya Jumamosi. Sasa nilikuwa nahubiriwa, na anayehubiriwa hana nafasi ya kutangatanga. Mama yako alikuwa na hoja, mzee.

Nawe umenikumbusha kwamba hata Tukuyu kwa bibi nilikuwa mgeni. Mimi ni mtoto wa Morogoro, lugha yangu ni Kiswahili, na bibi alipotupeleka kanisani kwake wakati wa likizo, wazee walisali na kuimba kwa Kinyakyusa. Nilikuwa naambulia jina la Yesu na salamu basi. Ajabu ni kwamba kabla ya swali lako sikuwahi kuihesabu ibada ile kuwa ni ya lugha ya kigeni. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimelala mapajani mwa bibi, na mapaja hayahitaji mkalimani.

MCHANGIAJI ALIYEKULIA MUSCAT:

Yangu ni ya Oman, na siku ya ibada haikuwa Jumapili bali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Mama alikuwa muuguzi na mara nyingi alikuwa zamu, hivyo alinikabidhi kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kerala, India, anipeleke kanisani pamoja na watoto wake. Makanisa pale Muscat yamekusanywa pamoja kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultani, Ruwi na Ghala, na ukifika asubuhi unakuta watu wa mataifa yote wanapishana, hawa wanatoka, hawa wanaingia, kila kundi na lugha yake.

Kanisa la jirani yetu lilikuwa la wale Wakristo wa zamani wa India, na ibada ilikuwa kwa Kimalayalam. Viatu viliachwa mlangoni. Wanawake tulijitanda na kusimama upande mmoja, wanaume upande mwingine. Mbele palikuwa na pazia, na ubani ulifukizwa mpaka macho yakawasha. Nilikuwa na miaka 7 na nilitoka Tanga, ambako madirisha yetu yalitazamana na msikiti. Nikashawishika kabisa kwamba jirani amekosea njia. Nilimwambia mama jioni kwamba tumekwenda msikitini. Mama aliuliza kama nimemwona msalaba, nikasema ulikuwapo, akasema basi lala.

Lakini kilichonichekesha nilipokua ni hiki. Dereva wa teksi aliyetupeleka kila Ijumaa alikuwa Mwomani mtu mzima aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinisomea vitendawili njia nzima, akanishusha getini, akaniambia «haya, kasali, na mimi naenda kusali.» Kwa hiyo Mwislamu aliyenipeleka ndiye tuliyeelewana, na Wakristo wenzangu waliokuwa wakiningoja ndani ndio ambao sikusikia walichosema hata neno moja kwa miaka mitatu.

MLETA UZI:

Dada, umenifanya nisome sehemu ya dereva mara mbili. Ubani sisi hatukuupata. Tulichopata ni harufu ya nta ya mishumaa na makoti ya sufi yaliyolowa. Nikiyasikia makoti hayo mahali popote, hata kwenye daladala ya Mbeya siku ya mvua, kinanda kinaanza kupiga kichwani.

MCHANGIAJI ALIYEKO KASSEL:

Ndugu mleta uzi, nimeishi huku Ujerumani miaka 20, naomba nikusaidie kwa yale maneno mawili aliyoyakumbuka mama. «Bite» bila shaka ni «bitte», yaani tafadhali. «Nohmal» ni «noch mal», yaani tena, kwa mara nyingine. Ukiyaunganisha unapata «tafadhali, tena».

Sitaki hata hivyo kukupa furaha isiyo yangu. Kati ya maneno hayo huweza kuingia kineno «nicht», chenye maana ya kukanusha, na mtu anayelia akikitamka kwa haraka mgeni hawezi kukisikia. Likiwa hivyo, maana inageuka: tafadhali usirudie. Muulize mama yule bibi alimshika mikono namna gani, na kama alimtazama usoni. Huku kwetu mtu wa makamo hayo hashiki mikono ya mgeni ili kumkaripia. Husema lake kwa umbali na kuondoka. Huo ni mtazamo wangu tu.

MLETA UZI:

Nimempigia mama jana jioni nikamsomea jibu lako lote, pamoja na hiyo «nicht». Alinitaka nirudie mara mbili. Nikamuuliza habari ya mikono, akasema alishikwa kwa nguvu mpaka pete ikamuumiza kidole, na kwamba yule bibi alimtazama usoni muda wote, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeinamisha macho, kwa aibu.

Kisha akanyamaza kidogo, akauliza yule mtoto aliyebatizwa atakuwa na umri gani leo. Nikamwambia anakaribia miaka 30.

«Basi na yeye ameshakuwa na wa kubatizwa,» akasema, na simu ikakatika, maana kule Tukuyu mvua ilikuwa imeanza.